Tonge la Justus

Kwa miaka yote aliyouza chakula pale Ng'ambo, mjini Tabora, Consolatha hakuwahi kuweka kibao mlangoni. Hakukihitaji. Alikuwa na mumewe.

Justus alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya mgahawa wa mkewe. Kila adhuhuri alinawa mikono, akavuta benchi hadi mlangoni, akala palepale mbele ya macho ya mtaa mzima. Alikuwa mtu wa mwili, na ulaji wake ulikuwa wa kutazamika. Hakuwa na pupa. Alikata tonge, akalifinyanga taratibu, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachota mchuzi, kisha akalipeleka kinywani amefumba macho. Mpita njia aliyetoka kwake ameshiba alijikuta ananawa mikono. Shomari, muuza mitumba wa jirani, alikuwa akisema kwamba yeye huingia pale kwa ajili ya chai tu, lakini akimwona Justus na mgebuka, samaki wa Kigoma, sahanini, huwa ameshaagiza kabla hajajua kama ana njaa.

Mvua zilipokuwa zinaishia mwaka ule, tonge la Justus lilianza kugoma.

Siku ya kwanza Consolatha aliona tu mumewe amesita katikati ya mlo, mkono kifuani, macho yameganda barabarani kama mtu aliyesikia akiitwa kwa mbali. Akanywa maji. Akakaa. Akaendelea. Consolatha akasema moyoni ni gesi. Lakini gesi haina mazoea ya kurudi kila siku saa ileile. Mwezi ulipopita, bilauri ya maji iligeuka kuwa jagi, na jagi nalo halikutosha. Justus aligundua mwenyewe kwamba akisimama, akanyoosha mgongo, akainua mikono yote miwili juu na uso akauelekeza mbinguni, tonge lililokwama nyuma ya mfupa wa kifua huteremka kidogo. Basi akawa anafanya hivyo. Anatia tonge, anatafuna, anameza, anasimama wima kwenye ncha za vidole, anainua mikono, anasubiri. Kisha anakaa na kukata tonge jingine.

Pale mlangoni, mbele ya mtaa mzima.

Shomari ndiye aliyeuliza wa kwanza, kwa sauti ya chini na ya heshima, kama Justus ameokoka. Consolatha akamjibu kwamba mume wake ni Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yake. Shomari, ambaye ni Mwislamu na jambo hilo halikumhusu sana, alisema yeye ameuliza tu kwa sababu wateja wanauliza. Haikupita wiki, Alois, mwenyekiti wa jumuiya yao, akafika na akina mama wawili na kikapu cha vitumbua. Alizungumza kwa upole. Alisema ndani ya Kanisa Katoliki pia wapo wanaosali kwa kuinua mikono, hakuna haja ya mtu kwenda kutafuta nje kile ambacho nyumbani kipo. Justus alimsikiliza, akamshukuru, na kwa adabu akachukua kitumbua kimoja. Kilipofika pale vinapofikia vyakula vyote, hakuwa na namna. Alisimama, akainua mikono, akafumba macho. Akina mama wakaitikia amina, mmoja wao akatokwa na machozi. Consolatha alitamani ardhi ipasuke, ila hakujua immeze nani kwanza.

Yote hayo yangevumilika kama biashara isingeguswa. Lakini mtu akila kwa mama lishe ana haki ya kutazama mwenye nyumba anakulaje, na sasa mwenye nyumba alikuwa anakula kama aliyelazimishwa. Alikata matonge matatu, akashusha jagi zima la maji, akasukuma sahani. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akachungulia sufuria. Mwingine akauliza samaki ni wa lini. Consolatha alibadilisha mashine ya kusagia unga, akabadilisha mwanamke anayemletea samaki kutoka stesheni, akapunguza chumvi, akaongeza karanga kwenye kisamvu, akaisugua sufuria ya ugali hadi akajiona sura yake ndani. Kila alipomuuliza mumewe kasoro ni nini, jibu lilikuwa lilelile, kwamba chakula ni kitamu sana, ila ameshiba.

Mwanamke anayepika kwa riziki haambiwi neno zito kuliko hilo. Kushiba kwa matonge matatu. Ameshiba nini, na ameshibia wapi?

Justus alikwenda kwenye zahanati moja, akapewa vidonge vya vidonda vya tumbo na kukatazwa pilipili na maharage. Alivitii vidonge, akaacha pilipili, na tonge likaendelea na mgomo wake. Ndipo kaka yake, Hilari, alipokuja kwa treni kutoka Usoke, ambako alilima tumbaku na kutoa ushauri kwa yeyote aliyesimama karibu. Hilari alimtazama mdogo wake anavyoinua mikono, akatikisa kichwa. Alisema babu yao mzaa babu alitembea kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, akila ugali wa mtama mkavu bila mchuzi, tena akitembea, wala hakuna aliyesikia kwamba alisimama njiani kulisubiri tonge. Sasa mjukuu amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, chakula amepikiwa, maji yapo, na bado tonge linamshinda. Dawa yake, alisema, ni mlenda. Mlenda haujawahi kukwama kwa Mnyamwezi.

Consolatha akapika mlenda wa kuvutika. Ulishuka vizuri mno, Hilari akatabasamu kama mganga. Baada ya muda mfupi, Justus alipoinama kuokota msumeno, mlenda wote ulirudi ulivyokwenda, hata rangi haujabadili. Hilari akasema labda haukuwa na magadi ya kutosha. Treni iliyofuata alirudi Usoke.

Dalili ya mvua ni mawingu, na Consolatha alianza kuyaona mawingu yake. Suruali za Justus zilimpwaya, hilo ni kweli, mkanda ulitobolewa tundu jipya na tundu jingine tena. Lakini alikuwa hai. Alikuwa anaranda mbao, anabeba milango. Mtu aliye hai ana kitu anachokula. Na kila asubuhi na kila jioni siku hizi alikuwa anapanda baiskeli na kuaga kwamba anakwenda kupima dirisha la mteja. Madirisha ya Tabora nzima yasingeweza kuhitaji kupimwa mara nyingi kiasi hicho.

Siku moja Shomari, akila chapati, alitaja kama jambo dogo tu kwamba amemwona Justus kule mtaa wa Isevya, akiingia kwenye uwanja wa mwanamke mmoja mjane aitwaye Recheli. Akaongeza haraka kwamba huenda ni dirisha. Consolatha akamjibu ndiyo, ni dirisha. Akaendelea kukata vitunguu, na vitunguu siku hiyo vilikatwa vikawa uji.

Jioni yake alimwachia msaidizi wake jiko, akajifunga kitenge, akachukua bodaboda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga kwa ngazi, mazito chini na makali juu, aanze na la mwanamume kula kwa siri, amalizie na la mwanamke kulisha visivyo vyake. Dereva alimsikia akinong'ona, akadhani anasali, akapunguza mwendo.

Geti lilikuwa wazi. Consolatha aliingia bila kubisha hodi, na alichokiona kikayapangua maneno yote.

Katikati ya uwanja, Justus alikuwa anaruka. Alikuwa na kikombe cha bati mkononi, amekibana na kiganja kisimwagike, na alikuwa anaruka kwa miguu yote miwili kama mtoto wa chekechea, shati likimpiga mbavuni, vumbi likimtoka chini ya viatu. Kando yake, kwenye kigoda, amekaa bibi mwenye mvi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, sufuria ya uji mbele yake, akimhimiza taratibu kwamba bado kidogo, bado kidogo.

Consolatha alifungua mdomo atoe lile la kwanza. Lakini mbele yake alikuwa mtu wa umri wa mama yake, na kilichomtoka kilikuwa shikamoo.

"Marahaba mwanangu," alisema Recheli. "Vuta kigoda. Kikombe cha kwanza ndio kwanza kimeshuka."

Ugomvi ulioanza na shikamoo haufiki mbali. Consolatha akakaa. Justus akasimama na kikombe chake, pumzi zikimpanda, uso umemwiva kama wa mtu aliyefumaniwa, jambo ambalo kwa namna fulani ndilo lililokuwa limempata.

Recheli ndiye aliyeeleza, maana Justus alikuwa bado anahema. Yeye ni mjane, muumini wa Moravian, anauza uji wa ulezi asubuhi na jioni kwa watu wa sokoni. Fundi huyu alikuja miezi iliyopita kumtengenezea kabati, akapewa kikombe, kikashuka, akalia machozi. Tangu hapo anakuja kila siku. Uji nao siku hizi umeanza ukaidi, ndiyo maana anaruka. Alimwambia mara nyingi amweleze mkewe, fundi akawa anasema kesho.

"Uji hata mimi naujua," Consolatha alimwambia mumewe. "Ungesema ningekupikia."

Justus alikaa chini kwenye ukingo wa baraza. Akasema angekunywa uji pale mlangoni, watu wangesema chakula cha mama Consolatha kimemshinda hata mume wake.

"Wanasema hivyo sasa hivi."

"Najua." Alikizungusha kikombe mikononi. "Si hilo tu. Baba alianza hivihivi. Ilianza nyama, ikaja ugali, ikaja uji, mwisho maji. Alipokwenda hospitali walimwambia jina la ugonjwa, na baada ya kuambiwa hakukaa. Nikasema nisipokwenda, hakuna atakayenitajia jina."

Consolatha alimtazama mumewe, mifupa ya mabega iliyochomoza chini ya shati, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zilipoisha hakuona sahani isiyomalizwa. Aliona mtu aliyekuwa anaruka peke yake kwa miezi mingi. Hasira yake haikuondoka, ila ilibadilisha mahali pa kukaa. Alimwambia kwamba ingekuwa nafuu kama angemkuta na mwanamke, kwa sababu yeye, mkewe, angejua la kumfanya mwanamke huyo. Kisha akamgeukia Recheli na kumwomba radhi kwa mawazo aliyokuja nayo.

Recheli aliinua miwani, akaelewa polepole mawazo hayo yalikuwa yapi, na akacheka mpaka uzi ukafunguka. Alisema katika umri wake hilo halikuwa tusi, na akaomba asimwambie mchungaji.

Kesho yake walikwenda hospitali kubwa mjini, Consolatha akiwa amemshika mumewe mkono kama anayempeleka mtoto kuchanjwa. Daktari alikuwa binti mwembamba aitwaye Inamahoro, mzaliwa wa Ulyankulu, mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Aliuliza kama maji yanapita vibaya sawa na chakula kigumu. Aliuliza kama chakula kinarudi bila uchachu. Aliuliza ameanza lini kuinua mikono, na hakucheka. Kisha Justus akapelekwa chumba cha picha, akasimamishwa, akapewa kikombe cha dawa nyeupe nzito kama chokaa aimeze huku mashine inamtazama ndani. Consolatha, aliyekuwa nje, alimwomba Bikira Maria kwa majina yake yote aliyoyakumbuka.

Daktari Inamahoro aliwaonyesha picha. Bomba la chakula la Justus lilionekana jeupe, pana, limevimba kama gunia lililojaa, halafu kule chini kabisa likachongoka ghafla kuwa uzi mwembamba.

"Mnaona hapa chini? Kama mdomo wa ndege," alisema. "Hapa pana msuli unaofunga mlango wa tumbo. Kwa watu wote, mtu akimeza, msuli huu unalegea na chakula kinapita. Wako haulegei. Na bomba lenyewe limechoka, halisukumi tena. Chakula kinasimama mlangoni kinasubiri kufunguliwa."

Alisema ugonjwa huo unaitwa akalasia. Mishipa ya fahamu inayouamuru msuli ulegee imekufa, kwa nini imekufa bado madaktari hawajui vizuri. Si vidonda vya tumbo, si uchawi, si upishi. Kuinua mikono na kuruka, alisema, wagonjwa wengi hujigundulia wenyewe, kwa sababu kunaongeza uzito wa kusukuma ule mlango.

Justus aliuliza swali moja tu, kama hilo ndilo lililomuua baba yake. Daktari akasema hafikirii hivyo, dalili alizozieleza za mzee zilikuwa za haraka zaidi, lakini hatamdanganya: huko Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa anakomtuma, wataingiza kamera kwanza wajiridhishe kwamba hakuna uvimbe, ndipo watibu. Justus akaomba arudiwe lile jina. Akalitamka mwenyewe mara kadhaa, akilionja. Halikuwa lile aliloliogopa. Consolatha naye aliona kwamba Akalasia ni jina ambalo lingemfaa kabisa binti wa kipaimara.

Dawa ya kuifufua mishipa hiyo haipo. Kuna kuukata ule msuli kwa upasuaji, na kuna kuingiza puto hadi pale mlangoni, kulijaza na kuuchana msuli kidogo hadi uachie. Waliafikiana kutumia puto. Habari zilipofika Usoke kwa simu, Hilari aliuliza ni puto la rangi gani.

Walipanda basi la Mwanza na chupa mbili za uji wa Recheli. Kila basi liliposimama, Nzega, Shinyanga, Justus alishuka, akanywa, akaruka kidogo pembeni ya barabara, akapanda. Baada ya kituo cha pili abiria waliacha kushangaa. Mmoja aliyekuwa anavimba miguu aliamini ni mazoezi ya safari, naye akashuka kuruka.

Kamera haikukuta uvimbe. Consolatha aliambiwa hilo kwenye korido, akakaa kwenye benchi la watu wengine, akalia kwa utulivu mpaka mama mmoja asiyemjua akampa kipande cha kanga. Kisha puto likaingia, likajazwa, likatolewa, na Justus akarudishwa wodini amelegea kwa dawa ya usingizi, akilalamika kifua kinamuuma. Walisubiri hadi madaktari waliporidhika kwamba bomba halijatoboka. Ndipo muuguzi akaleta maji kidogo kwenye bilauri.

Justus alikunywa funda moja. Kwa mazoea aliweka mkono kifuani, akajiandaa kuyasubiri yasimame pale yanaposimama. Consolatha alimtazama koo. Muuguzi naye alitazama. Justus alikunja uso, kama mtu aliyegonga hodi na mlango ukafunguka kabla hajashusha mkono.

"Yamekwenda," alisema.

"Yamekwenda wapi?" Consolatha aliuliza.

"Sijui. Yamekwenda tu."

Akanywa jingine, nalo likaenda. Alikuwa anataka kulia na hataki muuguzi aone, kwa hiyo akaomba maji mengine.

Waliporudi Tabora, chakula kilirudi kwa awamu. Uji ulitangulia, ukafuata viazi vya kuponda, ndizi, wali laini. Consolatha hakumruhusu kukaa mlangoni; alimlisha jikoni, nyuma ya pazia, na siku ya ugali wa kwanza alifunga mgahawa ingawa wateja wenyewe hawakuwa wengi. Shomari alibaki ndani kwa sababu, alivyodai, alikuwa hajamaliza chai. Justus alikata tonge dogo, akatafuna sana, akameza, akafuatishia maji. Walisubiri. Halikugoma. Alikula nusu sahani, kwa muda ambao zamani angekula sahani mbili, na hakusimama hata mara moja. Shomari akasema alhamdulillahi, akatoka nje, na kabla ya jua kuzama Ng'ambo yote ilikuwa inajua. Akina mama wa jumuiya ndio pekee waliosikitika kidogo. Ile namna yake ya kuinua mikono walikuwa wameipenda.

Alipomwona tena, Daktari Inamahoro aliwaambia ukweli wote. Msuli unaweza kubana tena baada ya miaka, na puto likahitajika tena, au kisu. Chakula Justus atakula polepole maisha yake yote, na maji karibu. Na kwa kuwa ule mlango sasa umelegea, vitu vya tumboni vinaweza kupanda akilala, basi kichwa cha kitanda kiinuliwe.

Hilo la mwisho lilikuwa la useremala, na Justus alilifurahia. Alichonga magogo mawili ya mninga, akayapiga msasa, akayapigilia chini ya miguu ya kitanda upande wa vichwani. Yeye mwenyewe alilala vizuri sana. Consolatha, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, aliamka kila asubuhi amekunjamana chini kabisa ya kitanda, shuka limemzunguka shingoni. Alivumilia wiki nzima, kisha akamwambia mumewe kwamba alimpenda mgonjwa, alimpenda mzima, ila hakuolewa alale mlimani.

Justus akaenda karakana, akarudi na ubao mpana, akaupigilia miguuni mwa kitanda upande wa mkewe. Consolatha akapanda kujaribu. Akanyoosha miguu, nyayo zikagusa ubao, akajikuta amelala lakini ni kama amesimama, mikono kifuani, anatazama dari.

"Vipi?" Justus aliuliza.

Consolatha akasema ubao uko sawa, ila amtengenezee na mahali pa kuweka viatu.